Rupia 30 za Mjane wa Nahodha

"Upande wa kibla imepakana na nyumba ya wakfu, upande wa suheli ni njia, upande wa matlai ni nyumba ya binti fulani, na upande wa maghribi ni kiwanja cha warithi wa fulani." Kibla kwetu ni kaskazini, suheli ni kusini na matlai ni mashariki. Hivyo ndivyo khati, yaani hati za kumiliki nyumba, zilivyoandikwa zamani Amu, ndiyo Lamu, na maneno ya namna hiyo, yaliyoandikwa mwaka 1301 wa Hijria kwa wino ambao sasa umegeuka rangi ya kahawia, ndiyo yaliyonionyesha alipo baba wa babu yangu baada ya kumtafuta miaka mitatu mahali asipokuwapo. Mimi kwake ni kitukuu. Jina lake sitaliandika, wala majina ya wengine watakaotajwa humu, kwa kuwa warithi wao wako hai na si wote walioniruhusu. Nitamwita Nahodha, kama alivyoitwa nyumbani kwetu.

Utafutaji wenyewe haukuanza kwa mapenzi ya historia. Mpwa wangu alikwenda kuomba kitambulisho, akapigwa msasa, yaani akahojiwa asili yake, kama walivyokuwa wakipigwa vijana wengi wa pwani, akaambiwa alete ushahidi kwamba wazee wake wa vizazi vitatu walizaliwa hapa. Karani aliyemhoji alizungumza kana kwamba kila nyumba ina cheti cha kuzaliwa cha karne ya 19 kilichotundikwa ukutani, ilhali kuandikisha vizazi na vifo hakukuwa lazima kwa nchi nzima mpaka mwaka 1971. Kijana alikipata kitambulisho chake miezi kadhaa baadaye kwa ushahidi wa wazee wa mtaa, lakini mimi swali la karani lilinikaa kooni. Tulichokijua juu ya Nahodha kilikuwa kifupi: aliendesha jahazi, alioa mke mmoja, akazaa mwana mmoja na binti mmoja, akafariki mwaka zilipoondolewa rupia, yaani 1920. Katika maelezo hayo, matatu yalikuwa makosa.

Nilianza kwa kuwafuata wanaume, kwa sababu ndivyo nasaba zinavyosomwa msikitini na ndivyo zinavyochorwa. Nilipakua programu ya kuchorea nasaba kwenye simu, na kila nilipomwingiza mtu ilidai jina la ukoo, nikiliacha tupu ikinionya kwa herufi nyekundu. Masharifu wa Amu wana silsila zao zilizotunzwa kwa uangalifu, zinazopanda baba kwa baba hadi kwa Mtume, na wao programu hiyo ingewafaa. Sisi wengine tuna jina letu, la baba, na tukihimizwa sana, la babu. Zaidi ya hapo iko desturi ya kumpa mwana wa kwanza jina la babu yake mzaa baba, ambayo ni desturi nzuri kwa marehemu na balaa kwa mtafutaji. Juma bin Ali humzaa Ali bin Juma, naye humzaa Juma bin Ali wa pili, na katika daftari hao wawili, babu na mjukuu, ni mtu mmoja mpaka litajwe jina la tatu. Ndivyo tulivyokosea mwaka wa kifo. Aliyefariki mwaka wa mwisho wa rupia alikuwa ami yetu, kaka mkubwa wa baba, kijana ambaye hakufika umri wa kuoa. Yeye na Nahodha walikuwa na majina mawili yale yale, na kumbukumbu za familia zilikuwa zimewazika katika kaburi moja.

Miaka mitatu hiyo nitaipita haraka. Nilikwenda Nyaraka za Taifa, Nairobi, katika lile jengo lililokuwa benki, nikasoma taarifa za mabwana shauri wa Lamu, yaani wakuu wa wilaya wa Kiingereza, ambazo zina habari nyingi za boriti, kodi na ugomvi wa mipaka, na habari chache mno za watu wenye majina. Nilikwenda Unguja pia, kwenye nyaraka za Kilimani, kwa hoja kwamba zama za ujana wa Nahodha Amu ilikuwa chini ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, na kwamba serikali yenye liwali, yaani mwakilishi wa sultani mjini, lazima iwe na barua za liwali. Barua zipo, ila nahodha asiye na kesi wala cheo haandikiwi barua. Nilizipitia hata nakala za picha za miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Amu, ambayo ilipigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, kwa kuwa kurasa za mwanzo za vitabu vya zamani mara nyingi huandikwa jina la aliyekiweka wakfu kitabu. Nilifaidika sana na hayo yote, lakini kwa Nahodha sikupata hata herufi.

Shangazi yangu, ambaye amepita miaka 90 na bado anatambua sauti ya kila mtu apitaye njiani, alinisikiliza nikimsimulia safari hizo, kisha akaniambia kwa Kiamu chake: "Mwanangu, waume huya na kwenda. Nyumba ndiyo ikaao." Nilidhani ananipa methali. Kumbe alikuwa ananipa anwani.

Kwa wasiojua desturi yetu, nyumba ya mawe ya Amu kwa kawaida ilikuwa ya binti. Baba mwenye uwezo alimjengea bintiye au alimpa orofa juu ya nyumba ya mama, na mume akaja kukaa kwake. Ndiyo maana nyumba nyingine za mtaa wa Mkomani zimeunganishwa kwa wikio juu ya njia, ili mama na binti waendeane bila kutoka nje. Mume alikuwa na jahazi, au shamba bara, au duka, na vitu hivyo huuzwa, huzama au hukauka. Nyumba hubaki, na nyumba inayobaki huandikiwa khati kila inapohama mkono. Ile anayokaa shangazi imepita kwa wanawake wanne: mama alimpa bintiye, huyo ndiye aliyekuwa mke wa Nahodha, mke wa Nahodha akamwachia binti yake, na binti huyo, ambaye hakujaaliwa watoto, akampa shangazi yangu siku ya arusi yake. Mimi nilikuwa nimekunywa chai katika nyumba hiyo maisha yangu yote, nikaenda kumtafuta mtu wake Nairobi.

Khati ilikuwa katika mkebe wa biskuti, pamoja na risiti za umeme na picha mbili za hija. Ni karatasi moja nene, imekunjwa mara nne, na pale mikunjo inapokutana pana tundu linaloingia kidole. Lugha yake ni Kiarabu cha mahakamani na majina yake ni ya Kiswahili, na hapo ndipo penye kazi. Herufi za Kiarabu hazina p wala ch, na waandishi wa zamani hawakujishughulisha kuiandika m mbele ya b wala n mbele ya d, kwa hiyo Pate husomeka Bate, na mtu aitwaye Mbwana huandikwa sawasawa na neno bwana. Anayesoma lazima awe anayajua majina ya mji kabla ya kuyasoma. Nilimpelekea maalim mmoja mzee wa mtaa wa Langoni, ambaye aliiweka karatasi juu ya mto, hakuigusa kwa vidole bali kwa ncha ya unyoya wa kuku, akaisoma mara ya kwanza kimya na mara ya pili kwa sauti.

Mwaka 1301 ulianza mapema Novemba 1883. (Nawasihi wanaofanya kazi hii wasijumlishe tu tofauti ya miaka ya leo na kujiona wamemaliza, kwa sababu mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11 na tofauti hubadilika, itafute tarehe yenyewe.) Mama anampa bintiye nyumba, mipaka minne inatajwa, na kwa kuwa binti hakufika mbele ya kadhi, nyumba inapokelewa kwa niaba yake na wakili wake, ambaye ni mumewe. Hapo ndipo alipokuwa. Jina lake limeandikwa na la baba yake, na kwa kuwa ni mambo ya mahakama, na la babu yake pia. Jina hilo la tatu hakuna aliyekuwa analijua nyumbani kwetu. Shangazi alipolisikia alilirudia mara kadhaa, polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

Katika khati hiyo kuna mstari mwingine ambao sikwenda kuutafuta. Pamoja na nyumba, mama alimpa bintiye vitanda viwili, masinia ya shaba, kasha moja na watu wawili. Watu hao wametajwa kwa majina, kila mmoja jina moja, bila bin wala binti. Maalim aliyasoma kwa sauti ile ile aliyosomea masinia, kisha akanyamaza, akavua miwani yake na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, miaka 24 hivi baada ya khati hiyo. Nimejaribu kuwafuata watu hao wawili kama ninavyomfuata Nahodha, na nimeshindwa kabisa, kwa kuwa aliyewaandika hakuona haja ya kuandika walikuwa watoto wa nani. Nasaba yangu inapanda sasa mpaka jina la tatu kwa karatasi ile ile iliyoikata nasaba yao. Sijui namna ya kulichora jambo hili kwenye programu ya simu, na kwa sasa nimeyaandika majina yao pembeni mwa ukurasa wa nyumba, kwa sababu humo waliishi.

Nikiwa na majina matatu, niliweza kurudi kwenye madaftari ya kadhi bila kumchanganya babu na mjukuu. Daftari la mirathi nililolihitaji lilikuwa katika stoo ya ofisi moja ambayo sitaitaja, maana aliyenifungulia alifanya hivyo kwa hisani, na hali ya vitabu haikuwa kosa lake yeye. Mchwa walikuwa wameingia kutoka ukingoni na kula kuelekea katikati, kwa hiyo kila ukurasa umebaki na umbo kama la nusu ya mkate wa mofa. Katika ukurasa wa Nahodha, wenye tarehe ya Rajabu 1327, yaani Julai au Agosti 1909, ilibaki sehemu ya juu yenye majina yake matatu, na chini yake mistari miwili tu ya warithi ambayo haikuliwa. Jumla ya mali, baada ya kulipa maziko na madeni, ilikuwa rupia 480. Mkewe, yule mwenye nyumba, alipata 30. Mwanawe, babu yangu, alipata 210. Yaliyobaki yalikuwa mavumbi.

Nilidhani mwandishi amekosea. Sheria ya mirathi ya Kiislamu iko wazi kwamba mjane hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane, iwapo marehemu ameacha watoto, na thumni ya 480 ni 60. Nikashuku pia macho yangu, kwa kuwa sifuri katika tarakimu za Kiarabu ni nukta tu, na nukta katika karatasi iliyoliwa na wadudu inaweza kuwa kitu chochote, hata alama ya nzi. Niliitazama nukta ile kwa kioo cha kukuzia mpaka nikaridhika kwamba ni wino. Ilikuwa 30 kweli, na herufi zilizofuata, maana waandishi waangalifu huandika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, zilisema thelathini.

Nilikuwa nimekwisha rudi nyumbani, nimelala chali kwa sababu ya joto la kaskazi, ndipo nilipoielewa. Thumni ni ya wajane, si ya mjane. Wakiwa wawili huigawana, na 60 kwa wawili ni 30 kila mmoja. Niliamka nikawasha taa, nikaendelea na hesabu nyuma ya bahasha. Ukitoa 60 ya wajane zinabaki 420 za watoto, na mwana hupata mafungu mawili kwa fungu moja la binti. Mwana mmoja alichukua 210. Kama wangalikuwapo mwana huyo na binti mmoja tu, kama tulivyokuwa tukisimuliwa, yeye angalipata 280 na dada yake 140. Kwa kuwa alipata 210, zilibaki 210 nyingine. Dada yake tunayemjua angepaswa kupata nusu ya fungu lake, yaani 105, na zile 105 za mwisho zilikuwa za binti mwingine. Mchwa walikuwa wamekula mke wa pili na binti wa pili wa Nahodha, lakini hawakuweza kula upungufu walioacha katika fungu la wengine.

Tulijua kwamba alikuwa akisafiri Malindi. Mji ule ulikuwa umeanzishwa upya katika miaka ya 1860, zama za Sayyid Majid, sultani aliyemtangulia Barghash, ukawa mji wa mashamba makubwa ya mtama na ufuta, uliolimwa na watumwa na kupakiwa katika majahazi ya kwenda Arabuni. Nahodha anayengoja upepo ugeuke kutoka kaskazi kwenda kusi hukaa bandarini majuma, na si ajabu akikaa mahali penye jiko. Kwa hiyo nilianza na Malindi, na safari hii nilijua cha kutafuta. Mwaka 1908 serikali ya Waingereza ilipitisha sheria ya hati za ardhi, iliyomtaka kila mwenye ardhi katika ukanda wa pwani aje kudai na kuthibitisha, na isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Sheria hiyo iliwanyang'anya wengi haki yao, lakini iliwalazimisha hata watu wasiopenda makaratasi, wakiwamo wanawake wenye vishamba, kusema majina yao mbele ya karani. Katika masijala ya Mombasa nilipata dai la shamba dogo la minazi nje ya Malindi, alilolirithi mwanamke mmoja kutoka kwa mama yake. Karani wa Kizungu ameliandika jina lake vibaya mno, lakini alikuwa na subira ya kuandika bin mbili baada ya jina la baba. Majina yote matatu ya Nahodha yalikuwapo, kwa mpangilio ule ule wa khati ya Amu.

Kizazi cha mwanamke huyo bado kipo Malindi, katika mtaa wa Shela, jina lile lile la kijiji cha Shela kilicho kisiwani kwetu Amu. Nilipelekwa na rafiki ninayesali naye. Mzee wa nyumba, ambaye kwa hesabu yangu mama yake ni mjukuu wa Nahodha kama alivyo shangazi yangu, alinikaribisha kahawa na halua, akasikiliza kila kitu bila kunikatiza, akataka kuiona bahasha yangu ya hesabu, akaihakiki mwenyewe kwa kalamu. Kisha akaniambia kwamba hata wao wana habari za Nahodha: alikuwa mtu wa Amu, aliendesha jahazi, alioa mke mmoja hapa Malindi, akazaa binti mmoja.

"Kwa hiyo huyo wenu wa Amu," akasema, "ndiye aliyekuwa mke mdogo."

Nilimjibu kwa heshima kwamba khati ya nyumba ya Amu ni ya mwaka 1301, na kwamba dai la shamba halina tarehe ya ndoa. Akasema ndoa inaweza kuwa ya 1299. Mkewe, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlango wa ndani, akacheka na kuuliza mirathi inasemaje. Tuliichukua tena bahasha. Mirathi inasema 30, na 30.